Shimo la Babu

Wahenga waliamba kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hao hao, pamoja na hekima yao yote, hawakutuachia neno lolote kuhusu mtu aliyeuza udongo wa shamba lake kwa hesabu ya malori, akabaki na shimo. Mtu huyo ni babu yangu mzaa baba. Ameniruhusu niisimulie habari hii katika gazeti letu la chama kwa sharti moja tu, kwamba nisiseme alikuwa mjinga. Sitasema hivyo, mpenzi msomaji, kwa maana hakuwa.

Kwetu ni bara ya Kilifi, kwenye vilima vya minazi na mikorosho. Kabla ya mwaka wa 2016 barabara yetu ilikuwa barabara kwa jina tu. Masika yakianza, matatu zilikoma kuja, na mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku alibebwa kwa kitanda cha kamba hadi kwenye lami. Kwa hivyo mwanakandarasi alipofika na kusema kwamba barabara itawekwa changarawe, hakuna aliyemuuliza mengi. Vijana wake walichimbachimba huku na huko, wakaikuta changarawe nyekundu, ile ambayo kwetu huitwa maram, chini ya kipande cha ekari moja alipokuwa babu akilima mihogo na kunde. Babu akatia kidole gumba kwenye karatasi. Kila lori lililotoka limejaa, yeye alitia korosho moja kibuyuni, na jioni wakahesabu pamoja na karani. Pesa zile ziliezeka nyumba yetu mabati na kumlipia shangazi karo ya chuo cha ualimu. Mjinga hafanyi hivyo.

Kosa lilifanyika pale mwanzo kabisa, na hakuna aliyeling'amua kwa sababu lilichukua asubuhi moja tu. Kabla ya kuifikia changarawe, tingatinga liliukwangua udongo mweusi wa juu, likausukuma hadi ukingoni mwa bonde na kuuacha huko. Mvua za vuli zilipokuja, udongo ule uliteremka na maji hadi mtoni. Miezi minne baadaye mashine ziliondoka. Palibaki shimo la kina cha mita 6 hivi, kuta zake zimesimama wima kama za Fort Jesus. "Mzee, tutarudi kusawazisha," karani aliahidi, tena kwa tabasamu. Tukangoja. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilikuwa ndefu kweli kweli, na ilimwagiwa changarawe yetu mwanzo hadi mwisho.

Masika ya mwaka wa 2018 Wakenya wengi wanayakumbuka kwa mafuriko. Shimo la babu lilijaa. Maji yalikuwa mekundu mithili ya chai ya rangi, na vyura waliimba usiku kucha hata nyanya akawa anaziba masikio kwa leso. Mimi nilikuwa darasa la nne. Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka 5. Jumamosi moja jioni mama alinituma kuchunga mbuzi pamoja naye, akanionya, "Huyo mtoto usimwondolee macho."

Nilimwondolea. Wenzangu walikuwa wakicheza kati kwa mpira wa matambara, nikajiambia raundi moja haidhuru kitu.

Juu ya mnazi ulio karibu na shimo alikuwako mgema akishusha tembo la jioni. Yeye ndiye aliyeona. Nilisikia sauti yake kwanza, "Mtoto! Mtoto majini!" halafu nikamwona akiteleza mnazini, ngozi ya kifua ikichubuka na kibuyu kikianguka na kupasuka. Alijitosa vile vile na nguo zake. Akamkamata. Lakini kuingia katika shimo lile ilikuwa rahisi, kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Kila aliposhika ukingo, udongo ulimeguka mkononi, naye akarudi chini na mtoto begani. Mimi nilisimama pale juu, miguu mizito kama nanga, mpira bado nimeushika. Watu wakaja mbio na kamba za mbuzi, mwingine na ngazi aliyokuwa akiezekea nyumba. Dakika zile zilikuwa ngapi sijui. Mdogo wangu alitolewa macho yamegeuka meupe, wakamlaza, wakamkandamiza kifua, akatapika maji mekundu na kulia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile. Wahenga wamemsema vibaya mgema kwa habari ya tembo na maji, lakini mimi tangu siku hiyo methali yao hiyo siipendi.

Mama alipanda bodaboda naye, wakashika barabara. Dakika 20 hadi hospitalini. Muuguzi akamwambia mama kwamba wangalichelewa nusu saa, ingalikuwa habari nyingine. Na hapo ndipo hesabu yangu na shimo lile inaponishinda. Kama changarawe isingalichimbwa, mdogo wangu asingalizama. Na kama isingalichimbwa, asingalifika hospitalini mapema vile.

Hakuna aliyenichapa. Ningalipenda wanichape. Babu alizungushia shimo miiba siku ya pili yake, na kwa miaka sita hatukulizungumza.

Julai 2024, nikiwa kidato cha pili, chama chetu cha Kiswahili kilifanya ziara Mombasa. Asubuhi tulizuru Fort Jesus, alasiri tukaenda Haller Park kule Bamburi. Nitasema ukweli, wengi wetu tulitaka kuona twiga na kusikia kisa cha Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Kisa hicho kila mtu anakijua. Mimi kilichonishtua ni maneno ya mtembezaji wetu pale pale mwanzoni: "Hapa mnaposimama palikuwa timbo." Nilitazama juu, nikaona mivinje imefunga anga. Nikadhani anatutania.

Hakuwa akitania. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka wa 1954, kikichimba mawe ya chokaa ambayo zamani za kale yalikuwa matumbawe ya bahari. Palipochimbwa palibaki uwanja mweupe wa mawe matupu, jua likichoma juu, na chini yake kidogo tu maji yenye chumvi. Mwaka wa 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizoshika ni 3: mvinje, mnazi, na mti uitwao damasi wenye asili ya Somalia. Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa, kwa sababu mizizi yake huishi pamoja na vijidudu vinavyoupatia naitrojeni kutoka hewani, hivyo hauhitaji udongo wenye rutuba ili uanze maisha. Lakini likazuka tatizo jingine. Majani yake membamba yalianguka yakarundikana, wala hayakuoza. Unadhani aliyewaokoa ni nani, mpenzi msomaji? Jongoo! Wale jongoo wenye miguu myekundu ambao sisi nyumbani huwafagia nje kwa ufagio. Waliletwa pale kwa makusudi, wakayatafuna yale majani, na kinyesi chao kikawa udongo. Polepole miti mingine ikaweza kupandwa, wakaja ndege, wakafugwa samaki.

Wenzangu walikuwa wameshakwenda kwa twiga. Mimi nilikuwa nikifanya hesabu ya kutoa kichwani: 1971 toa 1954 ni miaka 17. Nikamuuliza mtembezaji, "Kaka, na udongo wa juu, ule wa kwanza, waliuweka wapi?"

Akacheka. "Dada, huu unaoukanyaga umetengenezwa upya. Kama kwenu mna udongo wenu, utunzeni. Jongoo hawana haraka."

Katika basi nilikaa kando ya mwalimu wetu wa jiografia aliyekuwa ametusindikiza, nikamweleza habari za shimo la babu kwa mara ya kwanza. Aliniambia neno ambalo sijalisahau, kwamba timbo hupangwa kuanzia mwisho. Kabla jembe moja halijagusa ardhi, watu huulizana: kazi ikiisha, hapa pawe nini? Shamba? Malisho? Bwawa la samaki? Jibu hilo ndilo linaloamua uchimbwe vipi. Kama ni shamba, udongo mweusi hutolewa kwanza na kuwekwa peke yake, na ule wa chini yake peke yake, visichanganywe. Rundo la udongo mweusi lisizidi urefu wa mita 2 hivi, kwa maana minyoo na vijidudu vilivyomo hukosa hewa rundo likiwa kubwa, na malori yasilipande. Lipandwe kunde au nyasi mvua isilichukue. (Aliposema hivyo nilitazama nje ya dirisha, nikaona ule udongo wetu ukiteremka bondeni.) Kisha ardhi isifunguliwe yote kwa pamoja, bali kipande kwa kipande, ili udongo wa kipande cha pili uende moja kwa moja kufunika sakafu ya kipande cha kwanza bila kungoja. Na sakafu hiyo, kwa kuwa malori yameishindilia ikawa ngumu kama saruji, haina budi kutifuliwa kabla ya kufunikwa, la sivyo maji yatatuama na mizizi itagonga mwamba.

Nikauliza juu ya maji. Akasema shimo la majaribio lichimbwe mwishoni mwa masika, wakati maji ya ardhini yako juu, kwa sababu shimo la kiangazi hudanganya. Sakafu ya timbo iishie juu ya hapo. Kuhusu kuta, akachukua kalamu na kunichorea nyuma ya daftari: kwa kila mita 1 ya kina, mteremko uende mita 3 mbele. Mtoto akiteleza humo atapanda kwa miguu yake.

Mambo ya sheria nitayataja kwa ufupi. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inataka athari za uchimbaji wa namna hii zichunguzwe na leseni itolewe na NEMA kabla ya kazi kuanza, na Sheria ya Madini ya 2016 inazungumzia mpango wa kurudisha ardhi katika hali nzuri na dhamana ya pesa. Babu hakuwahi kuambiwa hata moja. Alionyeshwa tu mahali pa kuweka kidole.

Basi likizo ya Desemba 2024 nikiwa nyumbani, likaja gari jeupe tena. Si kampuni ile ya kwanza, nyingine. Walitaka ekari moja ya mlimani, penye mikorosho. Baba mdogo alifurahi sana, naye ana watoto wanne shuleni, simlaumu. Kikao kikaitishwa chini ya mkorosho wenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa mbili, lakini wasichana kwetu hawasemi ovyo katika vikao vya shamba, nikakaa nyuma na nyanya. Babu akageuka. "Mke wangu amesoma," akasema kwa utani wake, "hebu atusomee."

Nikasoma, kijasho chembamba kikinitoka. Nilianza na udongo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukiondoa udongo mweusi wa kina cha sentimita 20 unapata karibu mita za ujazo 809, yaani lori la mita za ujazo 10 litakwenda safari 81. Nikasema, "Babu, kile kipande cha mihogo, zilipotea lori 81 za udongo ambazo hazikuingia kibuyuni." Pakawa kimya. Nyanya akatema mate kando.

Kisha nikasoma habari ya kuta, na hapo ndipo moto ulipowaka. Baba mdogo si mtu wa kudanganywa kwa hesabu, amefanya kazi bandarini. "Ngoja kwanza," akasema. "Mteremko wa tatu kwa moja, kina cha mita sita, si unakula mita kumi na nane kila upande? Ekari yenyewe upana wake si hata mita sabini. Huyo mtu atabaki na nini?" Alikuwa na haki. Mwalimu wa hisabati alinisaidia kulipiga hesabu jambo lile: kuta zikiwa wima zinatoka mita za ujazo elfu 24 hivi, kuta zikiwa za mteremko zinatoka elfu 13. Karibu nusu ya changarawe inabaki ardhini. Hii ndiyo siri ya kuta wima, msomaji, wala si uvivu wa madereva. Ukingo wa mteremko ni pesa.

"Haya mambo ya vitabu yatatufukuzia tajiri," baba mdogo akasema.

Nilikosa jibu. Nilikuwa na kurasa mbili za jibu na nikalikosa. Aliyejibu ni babu, na alijibu kana kwamba ni jambo la kawaida tu. Akaelekeza fimbo mlimani. "Lakini kwa nini achimbe shimo? Hapa si bondeni, hapa ni mlima. Na aukate kutoka ubavuni, aanzie chini penye njia, aingie ndani kama mtu anayekata mkate. Maji yatatoka yenyewe. Hakuna shimo, kuna kiwanja. Nyuma tu ndiko kutakuwa na ukuta, huko ndiko aulaze."

Nikamtazama babu, nikatazama kurasa zangu. Niliporudi shuleni na kumweleza mwalimu wa jiografia, alisema hivyo ndivyo wataalamu wanavyopendelea kufanya penye mlima, kwa sababu ile ile ya maji. Mzee wa watu hajawahi kukanyaga darasa. Pale pale kikaoni nilifuta mistari mitatu kwa kalamu na kuandika maneno yake.

Yule mtu wa kampuni alikuja Ijumaa. Karatasi yetu ilisema: aukate mlima ubavuni, udongo mweusi uwekwe kando na kupandwa kunde, afungue robo ekari kwa wakati mmoja, mfereji uchimbwe juu ya kazi ili maji ya mvua yapite kando, aonyeshe leseni, na sehemu ya pesa izuiliwe mkononi mwa mzee wa mtaa mpaka udongo urudi. Aliisoma yote, nampa heshima hiyo. Alituuliza nani ameandika. Babu akanionyesha kwa fimbo. Yule bwana akakunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni na kusema, "Mzee, hii nitaipeleka ofisini."

Wiki mbili baadaye tulisikia tingatinga likinguruma ng'ambo ya bonde, katika shamba la jirani. Jirani hakuwa na karatasi.

Baba mdogo hakuitikia salamu yangu hadi Pasaka. Muhula wa kwanza wa 2025 nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya karo, na mara ya pili nilipita na bodaboda kando ya lile timbo jipya, nikahesabu malori 9 yakingoja kupakiwa. Nikisema sikujuta nitakuwa mwongo. Nilijuta kutoka pale hadi mlangoni kwetu. Nilipofika nilimkuta babu amekaa na jembe magotini, ananingoja. "Mke wangu," akasema, "shimo tunalo. Tulianze hilo."

Tulilianza. Hatuna tingatinga, tuna majembe manne na mkokoteni wa kuazima. Tulichagua upande mmoja tu, ule wa njiani, tukaubomoa ukingo polepole na kuulaza ndani mpaka mbuzi akaweza kushuka na kupanda. Pande tatu zilizobaki bado ni wima, bado zina miiba. Mfereji tumeuchimba upande wa juu, na masika yaliyofuata maji yaliyoingia yalifika magotini tu. Udongo mweusi hatukuwa nao wa kurudisha, kwa hivyo nyanya alitoa samadi ya mbuzi, nasi tukaitia katika mashimo 12 kwenye ule mteremko na kupanda miche 12 ya mvinje. Yule mgema alitupandia mnazi mmoja bila kuombwa. Kufikia Agosti mivinje 5 ilikuwa imekauka na 7 imeshika. Baba mdogo alikuja jioni moja, akatazama, akasema tumeipanda karibu karibu mno, kisha akachukua jembe.

Mdogo wangu sasa ana miaka 12. Tangu mwaka ule hakuwahi kukaribia shimo, hata mbuzi akipotelea huko alimtuma mwingine. Siku moja ya likizo alitufuata, akasimama juu ya mteremko kwa muda mrefu, mkebe mkononi. Nilipanda nikamshika mkono ili tushuke pamoja. Akauondoa mkono wake, akashuka peke yake. Kufika chini akafungua mkebe na kunionyesha jongoo wanne.

"Ni wa kazi," akasema.

Nikamwambia kwamba mivinje bado midogo, haijaangusha majani ya kuwatosha. Akafikiri kidogo, akafunga mkebe.